Jiwe moja uwanjani: historia ya fujo za watazamaji, kutoka Butembo 2008 hadi Kinshasa 2024

BUTEMBO – Jumapili tarehe 14 Septemba 2008, watu walijaa uwanjani mjini Butembo kutazama mpira. Timu mbili zenye mashabiki wengi, Nyuki na Socozaki, zilikuwa zinakutana. Nyuki walikuwa wanashindwa. Kipa wao akaacha lango, akapanda mbele mpaka upande wa wapinzani, na watu wakaanza kusema kwamba anafanya uchawi ili ageuze mchezo. Wachezaji wakashikana. Mkubwa mmoja wa polisi akaingia kati ili atulize, watazamaji wakamrushia mawe. Polisi wakajibu kwa gesi ya kutoa machozi. Watu wote wakakimbilia milango kwa wakati mmoja.

Hesabu zilizotolewa siku zile zilikuwa kati ya watu 11 na 13 waliokufa, pamoja na majeruhi kadhaa. Habari za wakati ule zilisema wengi wa waliokufa walikuwa watoto na vijana wa miaka 11 hadi 16. Wengi walikosa hewa katika msongamano, wengine walikanyagwa.

Waliokuwa na miaka 12 siku ile na wakatoka salama, leo ni wazazi. Wanapeleka watoto wao kwenye mpira, kwenye konseri za kwaya, kwenye tamasha za wanamuziki wanaotoka Goma, Kampala au Kinshasa. Na bado mambo yale yale yanaonekana kwenye maonyesho mengi: chupa ya maji inarushwa jukwaani, vijana wanapanda ukuta, mlango unasukumwa, msichana anashikwashikwa katikati ya umati, matusi yanaanza kwa sababu mwanamuziki amechelewa saa tatu.

Wazee husema ni kukosa adabu, na hawakosei. Lakini ukifuata historia ya maonyesho katika nchi yetu na kwa jirani, unaona kwamba kuna aina tatu za utovu wa adabu, na hazilingani. Kuna utovu wa mdomo, yaani kuzomea na kupiga kelele. Kuna utovu wa mkono, yaani kurusha vitu. Na kuna utovu wa mwili, yaani kusukuma na kuvamia. Wa kwanza ni wa zamani sana, na mara nyingi unaishia kwenye kelele. Huo wa pili na wa tatu ndio unaozika watoto.

Zamani mtazamaji hakukaa kimya

Wako wanaofikiri kwamba mtazamaji mwenye adabu ni yule anayekaa kimya kwenye kiti mpaka mwisho. Hiyo si desturi ya huku. Kwenye ngoma, mwimbaji anatoa na watu wanaitikia. Asipopata kuitikiwa, hiyo ndiyo aibu yake. Kwenye muziki wa Congo, mtu anapanda jukwaani akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, na mwimbaji anamtaja jina. Waliozoea muziki wa Kinshasa wanajua neno libanga: jina la mtu linalotupwa ndani ya wimbo, mara nyingi kwa malipo. Kule pwani, kwenye taarabu ya Zanzibar na Mombasa, wanawake wanainuka na kwenda mbele kumtunza mwimbaji pesa, na mara nyingine wanangoja ubeti fulani kwa makusudi, ili jirani waliyegombana naye ajue kwamba maneno yale ni yake. Hapo mtazamaji ni sehemu ya onyesho.

Hata Ulaya, ukimya wa ukumbini si wa tangu zamani. Katika karne ya 18, watu waliokwenda kusikiliza opera walikuwa wanaongea, wanakula na kutembeleana wakati waimbaji wanaimba. Desturi ya kuzima taa na kunyamaza ilikuja kushika nguvu katika karne ya 19. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba kelele ni ushenzi wa watu fulani. Kelele ni kawaida ya mwanadamu aliyekuja kufurahi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa pia na ngoma iliyoitwa beni. Jina hilo halihusiani na mji wetu wa Beni. Lilitoka kwenye neno la Kiingereza la bendi. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakaiga gwaride na tarumbeta za wanajeshi wa wazungu. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza pamoja na askari na wapagazi, Tanganyika yote na mbali zaidi, hadi upande wa Katanga. Tanganyika kulikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Kila chama kilikuja na watu wake, mavazi yake na nyimbo za kukebehi chama kingine. Watazamaji hawakuwa wageni. Walikuwa ni washindani. Kuzomea wapinzani ndiyo ilikuwa kazi yao. Na serikali za kikoloni ziliiangalia ngoma hiyo kwa wasiwasi, kwa sababu ziliona watu weusi wengi waliojipanga wenyewe bila kuamriwa.

Wasiwasi huo wa wakubwa mbele ya umati ni sehemu ya historia hii. Bila kuuelewa, mtu hawezi kujua kwa nini gesi ya machozi inatoka haraka namna ile.

Uwanja mmoja, siku mbili

Tarehe 4 Januari ni sikukuu nchini mwetu kila mwaka, na watoto wa shule wanajua kwamba ni ya kukumbuka mashahidi wa uhuru. Si wote wanaojua kwamba mpira ulikuwemo katika habari ile. Jumapili ile ya mwaka 1959, huko Léopoldville, chama cha ABAKO kilikuwa kimekatazwa kufanya mkutano wake. Watu waliokuwa wamekuja hawakutaka kurudi nyumbani. Wakati huo huo, maelfu ya watazamaji wakawa wanatoka kwenye mchezo katika uwanja wa Roi Baudouin, pale karibu. Makundi mawili yakachanganyika, na hasira ya kunyimwa mkutano ikaenea mji mzima. Jeshi la Force Publique likafyatua risasi. Serikali ya kikoloni ilikubali vifo vya watu karibu 50, na wengi wanaamini kwamba vilikuwa vingi zaidi.

Baada ya siku ile, wakubwa wa nchi hii, weupe na baadaye weusi, walijifunza somo moja: watu wanaotoka uwanjani wanaweza kuangusha utawala. Kwa hiyo polisi na askari wakazoea kuutazama umati wa watazamaji kama adui anayepaswa kutawanywa, kabla ya kuuona kama watu wanaopaswa kulindwa.

Uwanja ule ule ulibadilishwa jina ukaitwa 20 Mai, na sasa unaitwa Tata Raphaël. Humo, usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipigana na George Foreman. Maelfu ya Wazaire walipiga kelele usiku kucha kwa Kilingala: «Ali, boma ye!» Maana yake ni Ali, muue. Ukitafuta maneno makali zaidi ya watazamaji, huyapati. Ali akamwangusha Foreman katika raundi ya 8, watu wakashangilia, wakarudi makwao. Maneno yalikuwa ya kuua, lakini hakuna aliyerusha jiwe.

Wiki chache kabla ya pambano hilo, kwenye uwanja huo huo, lilifanyika tamasha kubwa la muziki lililoitwa Zaïre 74, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba. James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz walipanda jukwaani pamoja na wanamuziki wa nchi yetu.

Lakini enzi ile ile ya Mobutu ilifundisha pia jambo baya. Wanafunzi, wafanyakazi na wakaaji wa mitaa walilazimishwa kuimba na kucheza kwa ajili ya MPR na kiongozi wake. Iliitwa animation. Aliyekataa kupiga makofi alijiweka hatarini. Utawala wa chama kimoja ulipoisha mwaka 1990, watu walipata uhuru wa kuzomea, na wengi waliupenda, kwa haki kabisa. Mtu aliyelazimishwa kushangilia miaka mingi hawezi kulaumiwa akisema leo kwamba onyesho ni baya.

Neno moja la kuogopa

Hata hivyo, kusema kwamba utovu wa mdomo hauui kunahitaji kupunguzwa kidogo. Kwenye mchezo wa Butembo mwaka 2008, kabla ya jiwe kulikuwa na neno: mchawi. Kumwambia mchezaji kwamba hajui kupiga mpira ni kuzomea. Kumwita mchawi mbele ya maelfu ya watu ni kumtoa apigwe. Ndivyo ilivyo pia mtu anapoitwa adui au msaliti, au anapotukanwa kwa kabila lake katikati ya umati. Katika Kivu ya Kaskazini, ambako mauaji katika eneo la Beni yameendelea tangu Oktoba 2014, maneno ya namna hiyo ni hatari zaidi kuliko mahali pengine. Mtazamaji anaweza kupinga wimbo, kupinga mwamuzi, kudai pesa yake. Kumwonyesha mtu kidole na kumpa jina la adui ni jambo lingine kabisa.

Kinshasa mara mbili

Jumamosi tarehe 29 Oktoba 2022, Fally Ipupa aliimba katika uwanja wa Martyrs huko Kinshasa. Uwanja huo unahesabiwa kuwa na nafasi za watu 80,000. Siku ile watu walizidi, mpaka kwenye njia za kupitia. Baadhi wakalazimisha kuingia katika sehemu za VIP na zile zilizohifadhiwa. Nje kulikuwa na vurugu na gesi ya machozi. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Daniel Aselo, alitangaza vifo vya watu 11, wakiwemo polisi 2, na akasema kwamba waandaaji waliruhusu watu kupita kiasi.

Wengi walitoa hitimisho moja: tatizo ni wingi wa watu. Lakini Jumamosi tarehe 27 Julai 2024, katika uwanja huo huo wa Martyrs, mwimbaji wa nyimbo za dini Mike Kalambayi alifanya konseri. Taarifa zilitaja watu karibu 30,000 waliokuja, yaani hawafiki hata nusu ya nafasi za uwanja. Watu 9 walikufa. Kwa maelezo ya televisheni ya taifa, msukumano ulianza pale walinzi walipojaribu kuwadhibiti watu waliokuwa wanafanya fujo.

Konseri hizi mbili zinapaswa kutazamwa pamoja. Moja ilikuwa ya muziki wa dunia, nyingine ya nyimbo za Mungu. Moja ilijaa kupita kiasi, nyingine haikujaa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba fujo ni ya walevi tu, wala asifikiri kwamba kwenye konseri ya kanisa mtoto yuko salama bila kuangaliwa. Kinachoua ni mahali pamoja penye msongamano, na jambo moja la ghafla linalowafanya watu wote wageuke upande mmoja.

Jinsi msongamano unavyoua

Watu wengi hufikiri kwamba waliokufa walikanyagwa. Mara nyingi sivyo. Watu wanapofika sita au zaidi katika nafasi ya mita moja kwa moja, mtu hana tena uwezo wa kuamua aende wapi. Umati unatembea kama maji. Aliye nyuma anasukuma kidogo tu, hajui kwamba mbele kuna ukuta au mlango uliofungwa. Kila msukumo mdogo unajumlishwa na mwingine. Kifua cha aliye mbele kinabanwa, mbavu hazipanuki, na hewa haiingii. Mtu anaweza kufa akiwa amesimama. Mtoto, ambaye kifua chake kiko usawa wa viwiko na viuno vya wakubwa, ndiye wa kwanza kukosa pumzi.

Hii ndiyo sababu aliyerusha jiwe si yeye anayekufa. Mrushaji yuko juu kwenye ngazi au pembeni, ana nafasi, ana nguvu za kukimbia. Anayelipa ni mtoto aliyesimama chini karibu na mlango, ambaye hakuona hata jiwe lilipita wapi.

Si Congo peke yake

Mambo haya yametokea mahali pengi, na karibu kila mara kwa mfuatano ule ule. Huko Accra nchini Ghana, tarehe 9 Mei 2001, mashabiki wenye hasira waling'oa viti vya plastiki na kuvirusha uwanjani. Polisi wakapiga gesi ya machozi kwenye majukwaa. Watu wakakimbia, wakakuta milango imefungwa. Zaidi ya watu 120 walikufa. Huko Malang nchini Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, wiki nne tu kabla ya konseri ya Fally, mashabiki waliingia uwanjani baada ya timu yao kushindwa, polisi wakapiga gesi, na watu 135 wakafa, wengi wao kwenye milango myembamba. Kanuni za usalama za FIFA zilikuwa tayari zinakataza gesi ya kutawanya umati ndani ya uwanja.

Ukirudi nyuma zaidi, huko New York mwezi wa 5 mwaka 1849, watazamaji wa tamthilia walimrushia mwigizaji Mwingereza William Macready mayai na hata viti, kwa sababu walimpenda zaidi mpinzani wake Mmarekani, Edwin Forrest. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Mei, alipojaribu tena kuigiza, umati ulirusha mawe kwenye jumba la Astor Place na askari wakapiga risasi. Watu wasiopungua 22 walikufa.

Accra, Malang, Butembo: kitu kinarushwa, mwenye silaha anajibu kwa nguvu kupita kiasi, milango ni michache au imefungwa. Pakikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, huenda watu wangerudi nyumbani. Kwa hiyo lawama haiwezi kubebwa na upande mmoja. Mtazamaji ana jiwe lake, polisi wana gesi yao, mwandaaji ana mlango wake.

Beni na mlango wa upekuzi

Katika mji wa Beni, mlango wa onyesho umepata maana nyingine. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa katoliki, na siku hiyo hiyo kukawa na mlipuko mwingine karibu na baa. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, watu walikuwa wamekusanyika kusherehekea katika baa iitwayo Inbox. Kwa maelezo ya wakubwa wa jimbo, mlipuaji alizuiliwa mlangoni asiingie ndani ambamo watu walikuwa wengi, akajilipua pale pale. Aliua watu na kujeruhi wengine. Lakini asingezuiliwa, wangekufa wengi zaidi.

Tangu hapo, kijana anayesukuma mlango mjini Beni ili apite bila kupekuliwa hafanyi ujanja wa kuokoa faranga chache tu. Anafungua njia kwa yeyote aliye nyuma yake. Na anayemtukana mlinzi kwa sababu amemfungulia mkoba, anamtukana mtu ambaye kazi yake ni kusimama mahali pale pa hatari.

Wako wanaosema kwamba watu wa huku hawawezi kupanga mstari. Ebola ilionyesha kinyume. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ulipoua watu 2,287, wengi wao katika maeneo yetu ya Beni, Butembo, Mabalako na Katwa, mlangoni mwa makanisa, masoko na ofisi kuliwekwa ndoo za maji na mtu wa kupima joto. Mwanzoni wengi walikataa, na kulikuwa na jeuri nyingi. Lakini pole pole watu walizoea. Mama mwenye mzigo sokoni, mwanafunzi, mwendesha moto, wote walinawa mikono na kungoja zamu. Walizoea kwa sababu walielezwa na watu waliowaamini, na kwa sababu ndoo ilikuwepo kila siku, kwa mkubwa na kwa mdogo.

Goma 2014: dola moja

Mfano mwingine ni wa jirani zetu wa Goma. Tamasha Amani lilipangwa lifanyike mwaka 2013, vita ya M23 ikalisogeza mbele. Likafanyika hatimaye tarehe 14 hadi 16 Februari 2014, katika uwanja wa shule ya Mwanga. Kuingia kulikuwa dola 1 tu. Maelfu ya watu walikuja kwa siku tatu, kusikiliza muziki na kutazama ngoma, na vijana wengi wa kujitolea waliongoza kazi. Lilirudi tena miaka iliyofuata.

Bei ndogo si sadaka tu. Ni njia ya usalama. Tiketi ikiwa ghali kuliko mfuko wa kijana, kijana atatafuta ukuta. Zaïre 74 iliwahi kuonja hilo kwa upande mwingine: usiku wa kwanza uwanja haukujaa, kwa sababu wananchi wengi hawakuwa na pesa, na mwishoni ikabidi watu waruhusiwe kuingia bure. Tiketi ya bei nafuu, yenye namba, inayouzwa kabla ya siku yenyewe, inapunguza msukumano mlangoni kuliko askari kumi.

Kwa familia zilizokimbia vita

Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi za Lubero ya kusini zimeingia Butembo na vijiji vya karibu. Wengine wametoka Eringeti, Mbau na Oicha miaka mingi iliyopita. Kwa watoto wa familia hizi, mpira wa mtaani au kwaya inayoimba bure uwanjani pa paroki ni moja ya saa chache ambazo vita haimo kichwani. Hakuna sababu ya kuwanyima.

Lakini ni wao pia walio hatarini kuliko wengine. Hawajui mlango wa nyuma uko wapi. Hawajui majina ya mitaa, hivyo wakipotea hawawezi kusema wanakaa wapi. Na mlio wa ghafla, hata kama ni spika iliyopasuka, unaweza kuwakimbiza, kwa sababu masikio yao yamezoea risasi. Mtu anayepiga fataki katika umati kwa mchezo hajui amesimama karibu na nani. Pia, fujo ikitokea, ni rahisi kumtupia lawama mgeni. Historia haimpi haki anayefanya hivyo: mchezo wa mwaka 2008 ulikuwa wa mashabiki wa mji.

Kuna mambo machache ambayo mzazi anaweza kumfundisha mtoto kabla ya kutoka nyumbani:

– Mkifika tu, tazameni milango yote, si ule mlioingilia peke yake. Chagueni mahali pa kukutana nje, kama mti au duka linalojulikana, kila mmoja apajue.

– Mtoto mdogo asimame pembeni au juu, kamwe si mbele ya jukwaa wala karibu na mlango. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye karatasi, iwekwe mfukoni mwake.

– Umati ukianza kubana, usipige kelele na usisukume nyuma. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi. Nenda kwa mshazari kuelekea pembeni, pole pole, kila msukumo unapotulia.

– Kitu kikianguka, kiwe simu au kiatu, kiache. Ukianguka wewe, lala ubavu, funika kichwa, inuka mara tu nafasi ikipatikana.

– Ukisikia neno mchawi, au ukiona jiwe la kwanza, usingoje la pili. Chukua watoto, ondoka wakati njia bado iko wazi.

Kwa waandaaji na polisi

Mwandaaji anayetangaza saa nane na kumleta mwanamuziki saa kumi na mbili, anatengeneza fujo kwa mikono yake. Watu wamesimama juani, wamelipa, wana njaa, na giza linaingia huku wakijua kwamba njiani kuna vizuizi. Kuanza kwa saa iliyotangazwa, kuuza tiketi zinazolingana na nafasi, kuacha milango yote wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuweka watu wa Msalaba Mwekundu karibu na jukwaa, na kumweka mtu mmoja mwenye maikrofoni anayejua kusema na watu kwa Kiswahili na kwa Kinande, ni mambo yasiyohitaji pesa nyingi. Mwanamuziki naye ana sauti kuliko wote. Akisimamisha wimbo na kuwaomba watu warudi nyuma hatua tatu, watamsikia kuliko wanavyosikia kamanda.

Kwa polisi, historia ya Butembo imeshaandikwa na inajulikana. Gesi ya machozi katika mahali palipozungukwa na ukuta haitawanyi watu, kwa sababu hawana pa kutawanyikia. Inawasukuma mlangoni. Aliyerusha jiwe anaweza kutambuliwa na kukamatwa baadaye, nje. Mtoto aliyekosa pumzi harudi.

Na mtazamaji abaki na haki yake ya zamani. Mwimbaji akiimba vibaya, azomewe. Mwamuzi akikosea, aambiwe kwa sauti. Mwandaaji akidanganya, adaiwe pesa. Hayo yote yanaweza kufanywa mikono ikiwa mitupu na miguu ikiwa imesimama mahali pake. Msimu wa mpira na wa konseri za kwaya ukifika, wazazi, viongozi wa mitaa na walimu wanaweza kuwaambia vijana habari ya tarehe 14 Septemba 2008 waziwazi, kwa sababu vijana wengi wanaojaza viwanja leo walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa bado mgongoni mwa mama zao.